Marehemu hategemewi kuzikwa

SWALI: Mimi ni katekista kigangoni. Jumatano ya Majivu nilimtakia jirani yangu "Kwaresima njema", akanikemea: kipindi cha toba na majonzi hakina kutakiana mema, nisubiri Pasaka. Je, nilikosea? Nategemea utanijibu kabla ya Juma Kuu.

JIBU: Hukukosea. Kwaresima ni nomino ya ngeli ya i-zi, sawa na Pasaka na Krismasi, kwa hiyo "njema" imekaa mahali pake. Wala wema si kicheko. Tunatakiana safari njema huku tunajua barabara ni mashimo matupu. Kama jirani anaona heri na huzuni haziwezi kukaa chungu kimoja, mfungulie Mathayo sura ya 5: "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika." Akiendelea kubisha, si wewe tena anayebishana naye.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, quadragesima, yaani "ya arobaini". Ukihesabu kwenye kalenda tangu Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46, kwa sababu Jumapili sita hazimo katika hesabu ya mfungo. Waswahili walishasema siku za mwizi ni arobaini. Kanisa limempa mwenye kutubu idadi hiyo hiyo.

Swali lako limekwisha. Sasa tuje kwenye barua yako.

Umeandika "Nategemea utanijibu". Unanitegemea mimi kwa lipi, ndugu yangu? Kwa chakula? Kwa karo ya watoto? Ungeandika "natarajia" kama una hakika kwamba nitajibu, au "natumaini" kama unanifahamu. Wazee waliokuwa wakiandika barua kwa kalamu ya wino walianza hivi: "Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya." Hakuna aliyeandika "nategemea u mzima". Ingesomeka kama anadai deni.

Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu, na kitu hicho kikiondolewa unaanguka. Mzee hutegemea mkongojo. Paa hutegemea nguzo. Mtoto humtegemea mzazi, ndiyo maana kwenye fomu za bima ya afya mwenzi wako na wanao huandikwa wategemezi. Waamini nao huhimizwa kulitegemeza Kanisa, na wanahimizwa kwa haki, maana bati halijipandishi lenyewe. Popote penye kitenzi hiki pana mwenye kuegemea na pana kinachoegemewa. Sasa chukua habari ya redioni: "Mafuriko yanategemewa wiki ijayo." Nani huyo ameegemea mafuriko?

Lakini mafuriko nayasamehe. Lisilonipa usingizi ni tangazo la msiba: "Marehemu anategemewa kuzikwa Jumamosi saa nane mchana." Hebu tulichambue polepole. Kwamba marehemu alitegemewa, ni kweli tupu. Alilipa ada za wadogo zake, alinunua dawa za mama, alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ndiyo maana nyumba nzima inalia. Kisha akafa. Ungedhani kufa kumemstaafisha. Hapana! Ukoo umekaa kikao, umemkabidhi jukumu moja la mwisho, nalo ni kuzikwa, na wote wanamtegemea asiwaangushe. Je, siku hiyo akighairi, itakuwaje? Ataandikiwa barua ya onyo? Kamati ya mazishi ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina mtu wa turubai na viti, ina dereva. Hao ndio wa kutegemewa, na aghalabu ndio wanaochelewa. Kati ya wahusika wote wa shughuli ile, marehemu peke yake amewahi kufika, na ndiye tangazo linayemtilia shaka.

Kilichotakiwa ni "anatarajiwa kuzikwa", au kwa ufupi, "atazikwa". Siku ile ya Majivu, padri akikupaka kwenye paji la uso, huweza kutumia maneno yaliyotoka kitabu cha Mwanzo: u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi. Utarudi, basi. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuambiwa kwamba anategemewa kurudi mavumbini.

Na kama kuna msimu wa kuvitenganisha vitenzi hivi, ndio huu. Fungua Mithali 3:5 katika Biblia ya Union Version, ile ya 1952: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Vitenzi viwili katika mstari mmoja, kimoja cha kuamriwa na kingine cha kukatazwa. Kama ni kitu kile kile, mstari mzima unaporomoka. Isitoshe, soma Isaya 36, mjumbe wa mfalme wa Ashuru anapomdhihaki Hezekia kwa kuitegemea Misri: Misri, asema, ni fimbo ya mwanzi uliopondeka, na mtu akiiegemea itamwingia mkononi na kumchoma. Hiyo ndiyo maana kamili ya kutegemea. Pana mkono, pana fimbo, na fimbo ikikatika pana damu.

Kitenzi cha tatu utakipata Waebrania 11:1. "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Kutarajia ni kutazama njia, unachokitarajia bado hakijafika. Na kisichofika hakiegemewi. Jaribu kuegemea kiti kitakacholetwa kesho, uone utakaa wapi.

Tumaini nalo limetokana na Kiarabu, katika ukoo wa maneno ya utulivu wa moyo, na ndiyo sababu linaweza kubaki hata pale ambapo hakuna tena cha kuegemea. Anayefunga ameliondoa tumbo kwenye orodha ya nguzo zake. Anayeungama ameiondoa sifa yake njema. Anayetoa sadaka ameupunguza mfuko. Ukimwona mtu huyo Ijumaa jioni kwenye Njia ya Msalaba, amepiga goti kituo cha kumi na mbili, usiniambie ana mategemeo. Mategemeo ndiyo aliyoyaacha nyumbani. Alichobakiwa nacho ni kile ambacho Paulo aliwaandikia Warumi: "na tumaini halitahayarishi". Papa Fransisko aliyachukua maneno hayo hayo ya Paulo kuwa jina la hati ya kutangaza Jubilei ya 2025, na kaulimbiu yake ikaja kwetu kwa Kiswahili kizuri, "Mahujaji wa Matumaini". Namshukuru aliyeitafsiri. Angekuwa mmoja wa watangazaji wetu, tungezunguka mwaka mzima tukijiita Mahujaji wa Mategemeo, na watu wangedhani ni msafara unaokwenda kuomba nauli.

Wapo watakaosingizia Kiingereza, kama kawaida. Safari hii hakina hatia. Kiingereza kina neno lake la kutegemea, lake la kutarajia na lake la kutumaini, na hakivichanganyi. Uvivu huu ni wa nyumbani. Tulikuwa na vyombo vitatu, tumeamua kula, kunawa na kupigia mswaki katika kimoja.

Sikusudii kumkamata mtu sokoni. Ukiniambia "nategemea kwenda Morogoro kesho" nitakuelewa na nitakuagiza vitu. "Inategemea", ile ya mtu anayekwepa jibu, sina ugomvi nayo kabisa: uamuzi wake umeegemea jambo jingine, na kitenzi kimefanya kazi yake halali. Hata mjamzito anayesema "nategemea kujifungua mwezi wa nne" nimekwisha kumzoea, ingawa akisema "nategemea mtoto" namuuliza mtoto huyo ana umri gani na ameajiriwa wapi. Katibu wa parokia anayeandika "Baba Askofu anategemewa kuwasili saa tatu" naye nitamwacha, maana siku hiyo wapishi, kwaya na mhasibu huwa wanamtegemea kwelikweli. Kwenye tangazo la msiba simwachi mtu.