Ninunue hudi ya lenzi au niache?

SWALI: Natumia Canon yenye lenzi ya 18-55. Napiga watu picha Coco Beach asubuhi, bahari ikiwa nyuma yao, na nyingi zinatoka zimepauka, hata nywele nyeusi zinaonekana za kijivu. Muuzaji mmoja Kariakoo anasema dawa yake ni hudi, ile kofia ya plastiki inayofungwa mbele ya lenzi kuitia kivuli; wa duka la pili anasema hudi ni pambo tu. Nimsikilize nani?
– Msomaji, Kinondoni

JIBU: Kabla hujatoa hata shilingi, tumia kiganja. Rudi palepale kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda kidogo juu ya bahari. Weka kamera kwenye stendi kama unavyopiga siku zote, kisha zunguka mbele ukitazame kioo cha lenzi. Ukiona jua linakipiga, ugonjwa umeuona. Sasa rudi nyuma ya kamera, sogeza kiganja juu ya lenzi upande wa jua mpaka kivuli chake kifunike kioo chote, vidole visiingie kwenye picha. Tazama skrini: nywele zinarudi kuwa nyeusi, rangi za kanga zinakolea. Picha ikibadilika hivyo, hudi itakufaa. Isipobadilika, pesa ibaki mfukoni.

Kinachotokea ni kwamba mwanga wa nje ya fremu ukigonga kioo cha mbele, huingia na kurukaruka kati ya vioo vya ndani, kisha humwagika juu ya sensa nzima, yaani bamba la ndani ya kamera linalopokea picha. Sehemu nyeusi ndizo zinazoharibika kwanza, maana hazikuwa na mwanga wa kwao. Hudi huuzuia mwanga huo mlangoni. Jua lenyewe likiwa ndani ya picha, hudi haina la kufanya. Sogea hatua mbili, au lifiche nyuma ya shina la mnazi. Na kioo chenye alama za vidole au chumvi ya bahari hutoa ukungu uleule, kwa hiyo kifute kwanza.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Hudi ya 18-55 imekatwa fupi ili isionekane kwenye pembe za picha ukiwa kwenye 18, ambapo lenzi inaona eneo pana kabisa. Ukivuta hadi 55, lenzi inaona eneo jembamba zaidi na ingefaa hudi ndefu, lakini uliyonayo ni ileile fupi. Itapunguza tatizo, haitalimaliza, na kiganja utaendelea kukihitaji. Wanaofaidi kweli ni wenye lenzi ya 50 isiyo na zumu, au ya 70-300. Hao wasisite. Wewe nunua pia, ila chukua ya kampuni nyingine isiyo ya Canon. Bei iko chini sana, na kazi yake ni kutia kivuli tu.

Hapo ndipo watu hupotea: wanaomba "hudi ya 58". Namba hiyo ni kipenyo cha filta, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, haitoshi. Lenzi ya 18-55 IS STM na ile ya zamani ya 18-55 IS II zote zina filta ya 58, lakini ya kwanza huvaa hudi iitwayo EW-63C na ya pili EW-60C. Soma maandishi yanayozunguka kioo cha mbele, uende dukani na kamera yenyewe. Izungushe hudi mpaka usikie "tak". Kama ina petali, yaani ukingo uliokatwa kama maua, zile ndefu zikae juu na chini. Zikikaa pembeni, zitaingia kwenye picha. Halafu jaribu hapohapo: weka 18, f/11 (tundu dogo la mwanga), fokasi ya mbali, piga ukuta mweupe. Pembe zikiwa na weusi, irudishe. Lenzi ambayo kichwa chake huzunguka wakati wa kutafuta fokasi inataka hudi ya duara, si ya petali.

Igeuze pia utazame ndani. Ikimeta kama sufuria mpya, itarudisha mwanga kwenye kioo badala ya kuumeza. Kipande cha mahameli nyeusi kutoka maduka ya vitambaa, kikibandikwa ndani kwa gundi, kinaponya kasoro hiyo.

Na tafadhali, ifunge ikitazama mbele. Mjini unakutana na wapiga picha wengi waliogeuza hudi ikatazama nyuma. Hivyo ni namna ya kuihifadhi ndani ya begi: haizuii mwanga wowote, na inakufunikia pete ya kuzumu.

SWALI: Ukumbini usiku hakuna jua. Niivue?
– Mpiga picha wa harusi, Mbezi

JIBU: Iache. Taa za jukwaani na taa ya mpiga video aliyesimama upande wa pili zinakupiga kwa pembeni kuliko jua la mchana, na katika msongamano wa wageni hudi ndiyo itakayogongwa kabla ya kioo. Ivue unapotumia fleshi iliyojengwa ndani ya kamera, kwa sababu fleshi hiyo iko chini mno na hudi hutupa kivuli cha nusu duara chini ya picha, hasa kwenye 18. Fleshi ya kuchomeka juu kwa kawaida hukwepa tatizo hilo.

SWALI: Nina filta ya UV. Hudi ya nini tena?
– Msomaji, Kigamboni

JIBU: Filta inazuia mchanga na matone ya chumvi, na kwa ufukweni tunaikubali. Ila ni kioo kimoja zaidi cha kuakisi mwanga, kwa hiyo lenzi yenye filta ndiyo inayohitaji hudi zaidi. Piga Daraja la Tanzanite usiku ukiwa na filta: utaona nukta hafifu angani, ni taa za daraja zilizopinduliwa juu chini. Hapo hudi haisaidii, kwa kuwa taa zimo ndani ya picha. Fungua filta, piga, irudishe.

SWALI: Na simu?
– Msomaji, Temeke

JIBU: Kiganja, na kitambaa safi cha kufutia kioo. Usinunue kitu.