Kona ya Ajira: Leseni ya opareta wa maji inapatikana wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Igoma hapa Mwanza, nina miaka 26, ni fundi bomba wa mtaani, kazi nimefundishwa na mjomba sijakaa darasani. Naunganisha maji majumbani, nafunga matenki, na kibarua cha kulaza bomba kubwa nimefanya na mkandarasi. Nataka niwe opareta mamlaka ya maji, ila kuna jamaa ananiambia bila leseni ya opareta sipati kitu na yeye anaweza kunitengenezea kwa laki tatu. Ni kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki tatu usimpe huyo mtu, hata elfu kumi ya kianzio usimpe. EWURA, yaani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inatoa leseni kwa mamlaka yenyewe, yaani kwa taasisi inayosambaza maji, sio kwa opareta mmoja mmoja, na wengi wanachanganya hapa mana fundi umeme yeye anaomba leseni EWURA kwa jina lake, kwaiyo mtu akisikia hivyo anadhani na fundi bomba ni vilevile. Ukitaka kuhakikisha, ofisi ya EWURA Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza, nenda kaulize mwenyewe kuliko kuulizia kijiweni.

Wewe unachokosa ni cheti, ujuzi unao. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini kama wewe, wanakupima kwa vitendo na maswali, wakiona pengo unapigwa msasa kidogo alafu unapewa cheti kinachotambulika. Nenda VETA pale Nyakato uulizie dirisha la ufundi bomba linafunguliwa lini. Kama una kidato cha nne na pasi zinaruhusu, kuna Chuo cha Maji Ubungo Dar, wanafundisha ngazi ya cheti na diploma, na hiyo ndo inakupandisha zaidi mana opareta wa mtambo anatakiwa ajue na kemia ya maji, sio spana peke yake.

Nafasi za kudumu kwenye taasisi za umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba bure kwenye Ajira Portal, andaa namba ya NIDA na vyeti. Lakini vibarua vya muda ndo mlango ambao vijana wengi wanaudharau na mimi sikubaliani nao, mana ukishaonekana kwenye gari la dharura usiku bomba limepasuka Mabatini na wewe upo kwenye tope unafanya kazi, watu wanakujua.

Na Mwanza ni shule nzuri sana ya kazi hii. Mji umekaa juu ya miamba, maji yanavutwa ziwani Capri Point, na sasa kuna mtambo wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku, yanasukumwa mpaka matenki ya vilimani ndo yashuke mitaani. Kila mita 10 za mwinuko ni karibu bar 1 ya presha, sasa fikiria tenki liko mita 80 juu ya mtaa wa bondeni, maji yakiwa yametulia pale chini una bar 8, ndo mana mtu wa bondeni koki inaruka na wa mlimani anasubiri usiku wa manane. Opareta mzuri anajulikana kwa anavyofunga valvu. Ukifunga haraka, maji yaliyokuwa yanakimbia yanasimama ghafla na presha inarudi nyuma kwa kishindo, linaenda kupasuka bomba mbali kabisa na ulipo. Zungusha taratibu, hesabu mizunguko, na ile ya mwisho ndo uende polepole zaidi, alafu andika kwenye daftari valvu ipi, saa ngapi, mizunguko mingapi. Anza na hilo daftari leo hata kwa kazi za majumbani, kwenye usaili linakusemea.

SWALI: Mimi ni mama wa Ukerewe, kijiji kimenichagua niwashe pampu ya mradi wetu na niweke klorini. Nimeonyeshwa mara moja tu. Nitajuaje dawa imetosha?

JIBU: Hongera dada yangu, umebeba afya ya watoto wa kijiji kizima. Usipimie tenkini peke yake, nenda koki ya mwisho kabisa kwenye laini, acha maji yatiririke kidogo, jaza kile kichupa cha kupimia, tia kidonge cha DPD, maji yakigeuka pinki linganisha na rangi za kwenye kipimo. Pale kwenye koki unatafuta miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Yakibaki meupe, klorini imeisha njiani na inabidi utafute sababu, mara nyingi ni uchafu tenkini au bomba linalovuja. Ukichanganya, unatia dawa kwenye maji, usimwagie maji juu ya dawa, na ufanyie nje penye hewa ukiwa na glavu. Kuonyeshwa mara moja hakutoshi, waombe RUWASA wilaya, wale wakala wa maji vijijini, wakufundishe na hilo lisikutie aibu, ni haki yako, na ukishafundishwa omba barua au cheti mana ni kazi ya ujuzi hiyo.

SWALI: Kaka yangu yupo California anasema huko opareta wa maji lazima afanye mtihani. Cheti cha VETA kinafaa huko?

JIBU: Anasema kweli. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, California usambazaji una madaraja D1 mpaka D5 na mitambo ya kusafisha ni T1 mpaka T5, unafanya mtihani, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 3 ukiwa umeendelea kusoma. Cheti cha huku hakikupi daraja la kule moja kwa moja, mtihani utaufanya tu. Kwa D1, lile daraja la kuanzia, wanataka elimu ya sekondari au inayolingana nayo, kwaiyo vyeti vyako vya shule vitunze vizuri, na suala la viza ni mlima mwingine, malizana nalo kwanza kabla hujalipia mtihani wowote.