Barua kwa mwanangu: ukiulizwa usilolijua

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sote tu wazima, na nyanyako akusalimu sana. Umeniuliza ujitayarishe vipi kwa mahojiano ya kuingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea kemia, na ufanye nini ukiulizwa jambo usilolijua. Hilo la pili ndilo lenye uzito.

Mahojiano yale, ambayo hufanyika mwezi wa Desemba na siku hizi kwa njia ya mtandao, huendeshwa na wahadhiri wanaofundisha somo lenyewe, nao hukupa kwa makusudi swali ambalo hukufundishwa, ili wasikie unavyofikiri. Ukinyamaza, hawana la kusikiliza. Kwa hivyo anza na unachokijua, ukiseme kwa sauti.

Chukua chokaa, ambayo umeiona ikichomwa hapa tangu utotoni. Tuseme umeulizwa kwa nini mawe ya matumbawe hayawi chokaa kwa moto mdogo. Anza na mlinganyo: kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo mawe yenyewe, hugawanyika ikawa kalsiamu oksaidi, yaani chokaa, na gesi ya kaboni dioksaidi. Eleza kwamba mgawanyiko huo hufyonza joto, yapata kilojuli 178 kwa kila moli (kipimo cha kiasi cha dutu), lakini kwa kuwa hutoa gesi, entropi, yaani kipimo cha mtawanyiko, huongezeka kwa takriban juli 160 kwa kelvini kwa kila moli. Gawanya juli 178,000 kwa 160, upate joto ambalo viwili hivyo husawazishana: kelvini 1,100 na ushei, yaani karibu nyuzi 840 za Selsiasi, na moto mdogo hauwezi kulipasha jiwe zima hadi huko.

Hapo mhadhiri aweza kukuuliza mbona upepo ukipita vizuri kwenye tanuri mawe huanza kugeuka hata kabla ya kufikia joto hilo. Usibabaike, wala usidhani amekukosoa, amekupa njia. Fikiria gesi inayopeperushwa: ikiondoka haraka, shinikizo lake juu ya jiwe hupungua, na mmenyuko husonga mbele kwa wepesi zaidi. Kupokea dokezo na kulifanyia kazi papo hapo ni jambo wanalolithamini mno, na mimi naliona kuwa kubwa kuliko kukariri kitabu kizima.

Mengine wayajua: rudia hesabu za moli, uchoraji wa grafu na mishale ya elektroni katika kemia ya kaboni, na usome tena kila ulichoandika katika maombi yako, kwani waweza kuulizwa. Hotuba ya kukariri iache kabisa, maana husikika.

Nipigie simu kila usiku baada ya Isha, nikuulize nawe ujibu kwa sauti, bila daftari. Swali la kwanza ni hili: chokaa iliyotiwa maji hubaki laini ndani ya mkebe uliozibwa, lakini ikipakwa ukutani huwa ngumu. Nieleze sababu, kisha uniambie gramu 74 za kalsiamu haidroksaidi, yaani hiyo chokaa iliyotiwa maji, zitakuwa gramu ngapi zikishakuwa ngumu zote.

Wasalaam,
Babako