Maswali na Majibu: Ratili Moja ya Nyama Darasani

Nilipogusia hapa kwamba bado nasomesha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ujumbe ulimiminika kuliko nilivyotegemea. Nimechagua machache.

Kwa ambaye hajaisoma tamthilia hii ya Shakespeare: Bassanio wa Venisi anataka kwenda Belmont kumposa Portia, binti tajiri, lakini mfukoni hana kitu. Rafiki yake Antonio ana mali, ila yote iko baharini. Wanakwenda kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, ambaye Antonio amezoea kumtemea mate hadharani. Shylock anatoa dukati 3,000, sarafu za dhahabu za Venisi, kwa miezi mitatu bila riba, kwa sharti moja: siku ikipita bila deni kulipwa, atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa Antonio. Siku inapita, habari zinasema meli zimezama, na Shylock anakwenda mahakamani kudai nyama yake.

Shikamoo mwalimu. Tunaisoma kwenye klabu ya fasihi na tumeambiwa ni komedi. Mimi nilipofika kwenye kesi nilikaribia kulia. Komedi gani hii? (Kidato cha sita, Iringa)

Marahaba. Hukukosea, na aliyekuambia hakukosea pia. Siku hizi ukitaja komedi au futuhi, mtu anawaza wale wa kwenye runinga wanaovaa suruali zilizowazidi na kuangukaanguka. Enzi za Shakespeare neno hilo lilihusu mwendo wa hadithi kuliko kicheko: watu wanakwama, mambo yanavurugika, mtu anajigeuza sura, mwisho ni ndoa. Wenzake wawili wa jukwaani waliokusanya tamthilia zake mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, walizigawa mafungu matatu: komedi, za kihistoria, na tanzia. Hii wakaiweka kwenye komedi. Ndoa zimo tatu: Portia na Bassanio; Nerissa, msaidizi wa Portia, na Gratiano, rafiki wa Bassanio; Jessica, binti wa Shylock, na mpenzi wake Lorenzo.

Lakini tazama inavyoisha. Shylock anatoka katika sehemu ya nne akisema hajisikii vizuri, na harudi tena. Sehemu ya tano ni mbalamwezi, muziki na utani wa wapenzi. Antonio yupo palepale, hana mwenza. Huwa nawauliza wanafunzi: Shylock mmemsahau saa ngapi? Wanaangaliana. Hapo ndipo wengine wanapoanza kuisoma upya.

Mwalimu, hapa Kenya anayekopesha kwa riba ya kuumiza tunamwita "shylock", hata kwenye magazeti. Nilidhani basi ndiye mfanyabiashara wa kwenye jina la tamthilia. Na mbona Nyerere aliandika mabepari, kwa wingi? (Nakuru)

Wengi wanadhani hivyo. Katika Kiingereza mfanyabiashara wa Venisi ni mmoja tu, naye ni Antonio. Shakespeare mwenyewe anauchezea mkanganyiko huo: Portia anapoingia mahakamani, anauliza yupi hapa mfanyabiashara na yupi Myahudi, kana kwamba kwa kuwatazama hawezi kuwatofautisha.

Neno bepari asili yake ni Kigujarati, na maana yake ni mfanyabiashara tu. Kwa maana hiyo ya zamani, Mwalimu alitafsiri sawasawa. Ila mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani angesikia "bepari" akawaza muuza vitambaa? Na kwa kulitia wingi, akawatia Antonio na Shylock kapu moja. Ni uamuzi wa mtafsiri, tena mzito kuliko mistari mingi ya ndani. Binafsi naona unamwonea Antonio kidogo, maana yeye hukopesha bila faida, lakini kwa kuanzisha mjadala darasani sijaona jalada linaloushinda.

Huku Tanzania sisi tuna jina letu: mikopo ya kausha damu. Walioitunga hawakumfikiria Portia. Soma kesi hadi mwisho uone damu inavyofanya kazi pale.

Nina wanafunzi 74 na nakala tano. Nianzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Geita)

Mwalimu mwenzangu, pole, lakini usianze na kitabu. Anza na boksi tatu za chaki. Moja ifunike kwa karatasi ya dhahabu ya pipi, nyingine kwa karatasi ya fedha ya ndani ya paketi ya sigara, ya tatu iache ilivyo, chafu. Baba yake Portia alikufa akaacha wosia: anayetaka kumuoa binti achague kasha moja kati ya matatu, na akikosea ameapa kutooa maisha yake yote. Dhahabu inaahidi kile ambacho wengi wanakitamani. Fedha inaahidi kile unachostahili. Risasi, ile metali nzito ya bei rahisi, haiahidi chochote. Inamtaka mtu atoe na kubahatisha vyote alivyo navyo. Waandike maneno hayo juu ya boksi, wachague, wajitetee. Utapoteza kipindi kizima na hutakijutia.

Kisha nenda kwenye kesi, ndiyo moyo wa tamthilia. Nakala tano zinatosha kwa wasomaji wakuu. Waliobaki ni umati wa mahakamani, na umati una kazi, kuguna na kuzomea. Wape mizani. Shylock anakuja nayo mahakamani, na darasa likiiona inaning'inia, hata mizani ya kuazima kwa muuza samaki, linanyamaza.

Nikupe kitu kimoja kidogo. Shylock anainama, ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake. Gratiano anamwambia hakinoi kwenye soli, anakinoa kwenye roho. Kwa Kiingereza soli na roho hutamkwa sawa kabisa, kwa hiyo hapo pana mzaha na tusi kwa pumzi moja. Kwa Kiswahili mzaha umekufa, soli ni soli na roho ni roho. Mwaka mmoja nililitupia darasa kazi hiyo: utafuteni mzaha mwingine ufanye kazi ileile. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida nilikuwa namwamsha, akasema: "Kisu hukinoi kwenye kiatu, unakinoa kwenye utu." Nilisimama na chaki mkononi. Tangu siku hiyo sijawahi kusoma mstari ule kwa namna nyingine.

Je, muhtasari hautoshi kwa mtihani?

Kwa mtihani labda. Muhtasari wa hadithi hii si jambo geni kwetu: Askofu Edward Steere alichapa Unguja mwaka 1867 hadithi nne za Shakespeare kwa Kiswahili, zikiwa zimefupishwa kwa nathari, na hii ilikuwemo. Ukisoma hivyo unapata nani alimfanya nani nini. Kiatu na kisu huvipati.

Nasoma sheria Dodoma. Hukumu ya Portia ina mashiko kweli kisheria?

Hapana, na ndiyo maana inanoga. Kwanza Portia si wakili. Amevaa mavazi ya kiume na kujifanya msomi wa sheria. Halafu ana maslahi: mdaiwa ni rafiki kipenzi wa mume wake. Ongeza kwamba wakati ule wanawake hawakuruhusiwa jukwaani Uingereza, kwa hiyo watazamaji walimwona mvulana aliyeigiza mwanamke aliyejifanya mwanaume. Leo jaji mwenye maslahi kama hayo angeombwa ajitoe kabla hajakaa.

Tena mkataba wenyewe haukupaswa kufika mbali. Kwetu, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, makubaliano yenye lengo haramu ni batili. Kumkata mtu nyama karibu na moyo sidhani kama kuna wakili atakayeuita ulipaji halali wa deni.

Lakini mfuate Shakespeare kwenye mchezo wake mwenyewe, maneno ya mkataba. Bassanio anatoa dukati 6,000 badala ya 3,000. Shylock anakataa, anataka kilichoandikwa. Portia anamwomba awe na huruma, anakataa. Anamwambia aweke basi daktari karibu wa kuziba majeraha, Antonio asije akafa kwa kuvuja damu. Shylock anauliza kama hilo limeandikwa kwenye mkataba. Halikuandikwa, basi hakuna daktari. Wanafunzi wengi wanapita hapo mbiombio. Rudi usome tena: Shylock amekwisha kuweka kanuni kwamba kisichoandikwa hakipo, na muda mfupi baadaye Portia anamrudishia kanuni hiyohiyo. Mkataba unasema nyama. Haukusema damu. Kata, lakini tone likidondoka, mali yako inataifishwa. Isizidi wala isipungue ratili moja, hata kwa uzito wa unywele.

Ukitaka swali la seminari, hili hapa: Portia alikuwa na sheria nyingine mfukoni muda wote, ile inayosema mgeni akithibitika kutafuta uhai wa raia wa Venisi, nusu ya mali yake ni ya aliyelengwa na nusu ni ya dola. Ingetosha tangu mwanzo. Kwa nini aliiweka hadi mwisho? Jibu langu ni kwamba alimpa Shylock nafasi ya kusamehe. Mwanafunzi wangu mmoja alinijibu kwamba alikuwa anafurahia tu kumchezea. Nilimpa alama nzuri.

Mwalimu, binti yangu anasoma hapa Leicester, na tamthilia hii wanaitahiniwa. Amerudi nyumbani amekasirika, anasema ni kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi. Nimwambie nini?

Mama, kwanza mpongeze. Amesoma.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi rasmi hadi 1656. Tamthilia iliandikwa miaka ya 1590, kwa watazamaji ambao wengi wao Myahudi walimjua kwa masimulizi tu, na masimulizi yalikuwa mabaya. Venisi ya kweli iliwafungia Wayahudi mtaa wao tangu 1516, na milango yake ilifungwa usiku. Chuki imo ndani, haihitaji kutafutwa kwa tochi: wahusika wanamwita Shylock mbwa na shetani, na mwishoni Antonio, kama sehemu ya kile kinachoitwa huruma, anataka abatizwe. Mwaka 1943 utawala wa Kinazi uliiigiza Vienna kwa propaganda, na haikuwapa taabu kupata maneno ya kutumia.

Sasa mwombe asome kwa sauti, jikoni hapo, hotuba ya Shylock katika sehemu ya tatu, anapouliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu, kama akitekenywa hacheki. Asiishie hapo pazuri panaponukuliwa. Aendelee hadi mwisho, Shylock anaposema kwamba ubaya mliomfundisha ataufanya. Hotuba inaanza kama dai la utu na kuishia kama hati ya kisasi, na aliyeiandika hakumruhusu msikilizaji achukue nusu moja tu.

Na asimwache Portia atoroke. Mposaji wa kwanza kuchagua kasha ni mwana wa mfalme wa Moroko, mtu mweusi, ambaye maneno yake ya kwanza kabisa ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Anachagua dhahabu, anakosa, anaondoka kwa heshima. Portia akibaki na watu wake anasema wote wa rangi ile na wachague vivyo hivyo. Binti yako akiliinua hilo darasani, nadhani mwalimu wake atafunga kitabu waongee.

Kwetu Waislamu riba ni haramu. Je, hapo si tuko upande wa Antonio moja kwa moja? (Tanga)

Ungedhani, ila ajabu ni kwamba mkopo wenyewe unaoleta balaa hauna riba. Shylock anaiondoa makusudi na kuweka nyama, eti kwa utani. Antonio kwa kukopesha bure alikuwa anamharibia soko, na hilo Shylock analisema waziwazi. Huko Uingereza nako watu walishika huku na huku: sheria ya 1571 iliendelea kuita riba dhambi lakini ikawavumilia waliotoza hadi asilimia 10. Baba yake Shakespeare alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba. Kijana wake alikuwa na miaka sita.

Kesi imeisha, kwa nini tena watuchoshe na mzaha wa pete? (Kidato cha tano, Morogoro)

Nami nilikuwa naruka hapo, nakiri.

Portia alimpa Bassanio pete akaapa hataivua hadi kufa. Baada ya kesi, yule "msomi wa sheria" anaiomba kama malipo. Bassanio anasitasita, Antonio anamsihi, pete inatoka. Gratiano naye anaitoa ya Nerissa. Wakifika Belmont usiku, wake zao wanawabana: pete iko wapi? Na wanawabana kwa njia ileile aliyobanwa nayo Shylock, kwa maneno waliyoyaapa wenyewe. Tofauti ni kwamba hawa wanasamehewa, tena wanachekwa kwa upendo.

Sasa rudi nyuma hadi sehemu ya tatu, maana pete nyingine imo na haisemwi tena. Jessica alipotoroka nyumbani aliiba pete ya baba yake akaibadilisha kwa nyani. Shylock anapopata habari anasema ile ilikuwa pete aliyopewa na Leah kabla hajamuoa, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Ndiyo mara pekee tunayomsikia akimtaja mkewe.