Tulivyokwama kwenye Mambo ya Walawi, na tulivyosoma Biblia nzima mara ya pili

Mara ya kwanza kanisa letu lilipoazimia kusoma Biblia nzima pamoja, tulianza tarehe 1 Januari kwa shangwe, tukiwa na ratiba ya sura tatu kila siku na tano siku ya Jumapili, ambayo kwa hesabu inatosha kumaliza sura zote 1,189 ndani ya mwaka mmoja. Kwa mwendo huo Mwanzo na Kutoka huisha pamoja na mwezi wa kwanza, na msomaji huingia Mambo ya Walawi akiwa tayari ameanza kuchoka. Katika kundi letu la WhatsApp kila aliyemaliza sehemu ya siku alitakiwa kuandika "nimesoma", na kabla Februari haijaisha waliokuwa wakiandika tulibaki wawili, mchungaji na mimi. Nikiri pia kwamba siku nyingine niliandika hivyo ilhali nilikuwa nimepitisha macho tu.

Nilidhani chanzo ni uvivu, mpaka tulipoketi na baadhi yao tukawauliza kwa upole. Karibu wote walisimulia jambo lile lile: walikosa siku tatu kwa sababu ya ugonjwa, safari au kazi, sura tisa zikawa deni, deni likazaa deni, nao wakaona haya kurudi kundini ambako wenzao walikuwa wamekwisha kufika mbali. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayepanga kazi hii ni kuondoa deni hilo tangu mwanzo. Tulipoanza upya tuliweka kanuni moja tu, kwamba aliyebaki nyuma harudi kufidia, bali anafungua pale kanisa lilipo wiki hiyo na kuendelea. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kusoma kwa mapengo, na ni kweli, lakini mwenye mapengo aliyebaki na wenzake nampenda kuliko aliyefunga Biblia kwa aibu.

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Tuliziondoa Zaburi zote 150 kwenye hesabu, tukazifanya za kufungulia ibada ya Jumapili na ile ya katikati ya wiki, zikabaki sura 1,039, ambazo kwa sura kumi kila wiki humalizika katika wiki 104, yaani miaka miwili. Msidanganywe na hesabu ya sura, kwa maana mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya vitabu hivi kuandikwa, na hauheshimu urefu wala habari. Ruthu ni kitabu cha kusomwa kwa mkao mmoja, na Hagai hueleweka zaidi mkimsoma mfikapo Ezra mlango wa tano, ambako yeye na Zekaria wanatajwa wakiwatabiria waliorudi kutoka uhamishoni.

Jambo la tatu, ambalo ndilo ningelisisitiza kuliko yote, ni kusoma kwa sauti. Tumezoea kufikiri kwamba kusoma Biblia ni mtu na kitabu chake chumbani, lakini katika Nehemia mlango wa nane Ezra anasoma torati mbele ya mkutano tangu mapambazuko hata adhuhuri, na Paulo anawaagiza Wakolosai waraka wake usomwe pia katika kanisa la Laodikia. Waumini wengi wa kwanza waliyapokea maandiko haya kwa masikio. Basi kila wiki tulichagua sura moja au mbili kati ya zile kumi, tukazisoma mbele ya wote bila mahubiri yoyote kufuata.

Niliona faida yake tulipofika Hesabu 7, sura yenye aya 89 ambayo mwenyewe nilitaka tuiruke. Wakuu kumi na wawili wa Israeli wanaleta matoleo, kila mmoja siku yake, na matoleo yao ni yale yale: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli kumi kilichojaa uvumba. Kijana aliyekuwa akisoma alianza kuharakisha alipofika mkuu wa tano, na wengine tukaanza kutabasamu. Mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma na hakuwahi kushiriki ratiba ya mwaka uliotangulia, akamwambia, "Mwanangu, soma polepole, hata huyu wa mwisho naye amekuja na zawadi yake." Msomaji alipunguza mwendo, na Ahira wa Naftali akasomewa matoleo yake yote kama Nahshoni wa Yuda aliyetangulia.

Viongozi, tangulieni kanisa katika kusoma kwa angalau wiki mbili. Sisi hatukufanya hivyo, tukajikuta tunasoma Waamuzi 19, habari ya mwanamke, suria wa Mlawi mmoja, aliyetendewa ukatili hata akafa, watoto wakiwa wameketi safu ya mbele. Habari hiyo haifai kufichwa, kwa kuwa wapo kati yetu waliotendewa ukatili na wanaohitaji kusikia kwamba Maandiko hayakuunyamazia, lakini inahitaji watu wazima, muda wa kutosha na mchungaji aliye tayari kusema "sijui" anapoulizwa swali lisilo na jibu jepesi. Msomaji naye apewe sehemu yake mapema, hasa penye nasaba za Mambo ya Nyakati, ili majina yasimwaibishe.

Na msianze Januari, mwezi ambao kila mtu ana maazimio yake mengine. Sisi mara ya pili tulianza katikati ya Juni, Jumapili ya kawaida isiyo na sherehe, tukiwa watu kumi na wanane.