Usukani unapocheza wenyewe kwenye njia iliyonyooka

Kwa wiki tatu nzima niliamini nimeuziwa usukani mbovu wa kuchezea magemu. Kila nikiingia ile njia ndefu iliyonyooka ya uwanja wa Monza kwenye Assetto Corsa, gemu la mbio za magari la kompyuta, gari likishapita kilomita 200 kwa saa, usukani unaanza wenyewe: kushoto, kulia, kushoto, kulia, mwanzo kidogo kidogo, halafu kwa nguvu mpaka meza inagonga ukuta. Usiku mmoja mama alitoka chumbani akafungua mlango wa mbele, kadhani kuna mtu anapiga hodi. Asubuhi yake niliurudisha usukani kwenye boksi, tayari kuupeleka Dar kwa boti.

Sikuupeleka. Ulikuwa mzima. Wenzangu wawili hapa Unguja wameshauza sukani zao kwa hasara kwa tatizo hili hili, na inaniuma, kwa sababu dawa yake haina gharama.

Aliyenifumbua macho si fundi wa kompyuta, ni ami yangu, mvuvi wa Nungwi. Nilipokuwa na miaka kumi alinipa kana ya ngalawa yake nishike, ule mpini wa kugeuzia usukani wa chombo. Chombo kikaenda joshini, upande unakotoka upepo, nikavuta. Hakikutii pale pale, nikavuta zaidi. Kilipokuja kugeuka kikapitiliza, nikasukuma upande wa pili kwa pupa, kikapitiliza tena, tukawa tunachora nyoka baharini. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unajibu la jana. Chombo kishageuka, bado unavuta." Maneno hayo yalinirudia nikiwa nimekaa mbele ya lile boksi.

Mota ya usukani nayo hujibu la jana. Gemu hukokotoa tairi za mbele zinataka kurudi kati kwa nguvu kiasi gani, halafu hutuma nguvu hiyo kwenye mota. Hiyo ndiyo fosi fidibeki. Lakini amri husafiri: kutoka kwenye gemu, ikapita USB, ikafika kwenye mota, na usukani wenyewe una uzito wake. Inapofika, usukani umeshapita kati. Gemu linaona umepita, linaamuru urudi, na amri hiyo nayo inachelewa. Ukiachia mikono, hakuna wa kuukata mzunguko huo. Kwenye gari la kweli kuna msuguano wa stiaringi, mipira ya chini na mafuta ya pawa, vyote vinakula mtikisiko. Mezani kwako havipo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usikimbilie kupunguza nguvu. Utatuliza dalili na kupoteza ladha. Tafuta panapochelewa.

Mimi kosa langu kubwa lilikuwa filta. Niliona usukani unatetema, nikafikiri filta itaulainisha, nikaipandisha hadi nusu. Ukazidi! Filta hulainisha kwa kuchanganya amri mpya na zilizotangulia, maana yake huongeza kuchelewa. Nilipoirudisha sifuri, ule mpigo mpana ulipungua papo hapo, na sikuwa nimegusa kitu kingine. Kosa la pili lilikuwa laptopu yangu ya zamani kubebeshwa magari 20 ya wapinzani. Assetto Corsa hukokotoa mwendo wa gari mara 333 kwa sekunde. Prosesa ikielemewa, hesabu inachelewa na usukani unapewa amri zilizochacha. Nikabaki na wapinzani wanane. Nikauchomoa usukani pia kwenye kigawanyio cha USB nilichokuwa nimekijaza maus, kibodi na chaja ya simu, nikauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Magemu mengine yana mdundo wao: iRacing hukokotoa mara 360 kwa sekunde, lakini kwa kawaida hutuma nguvu kwenye usukani mara 60 tu, hivyo huko pengo ni kubwa zaidi na dampa, setingi ya kuuzuia usukani unapozunguka haraka, inahitajika mapema.

Kulikuwa pia na tetema ya haraka haraka usukani ukiwa katikati, ta-ta-ta-ta. Hiyo ina asili yake nyingine. Usukani wangu wa kwanza ulikuwa wa gia, wa nguvu ya takriban Nm 2 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Gia humeza nguvu ndogo, ndiyo maana kuna setingi ya nguvu ya chini kabisa, inayoinua kila amri ndogo ili mkono uisikie. Niliiweka 15. Nilipohamia usukani wa mota ya moja kwa moja, usio na gia kati ya mota na mkono, wa Nm 8, nilibeba setingi zile zile. Mota hii haimezi kitu! Kila usukani ukigusa kati, ulikuwa unapigwa kofi kushoto, kofi kulia. Nikaweka sifuri, kelele zikakatika usiku ule ule. Ukibadilisha usukani, anza setingi upya, usirithi za zamani.

Angalia na nyuzi za mzunguko, yaani usukani unazunguka kiasi gani kutoka mwisho hadi mwisho. Programu ya usukani ikisema 540 na gemu likisema 900, mtikisiko mdogo wa mkono unakuwa mkubwa kwenye tairi, na mpigo unakua. Ziwe sawa. Meza nayo ikazwe. Yangu fundi seremala aliiongezea ubao wa kukingama miguuni, basi.

Baada ya hayo yote ndipo uguse dampa. Dampa ni kama uji kwenye sufuria: ukizungusha mwiko polepole haukusumbui, ukiharakisha unakukatalia. Nilipanda tano tano, kila mara narudi Monza naachia mikono kwa sekunde chache. Kwenye 15 usukani ulipiga mara mbili ukatulia. Sikupanda tena, kwa sababu dampa nyingi inaficha ule wepesi unaokwambia tairi za mbele zinaanza kuteleza. Nguvu yenyewe niliipunguza mwisho kabisa, na kidogo tu.

Jaribio hilo la kuachia mikono ufanye vidole gumba vikiwa nje ya miguu ya usukani, zile fito zinazounganisha duara na kati yake. Mota ya Nm 8 inaweza kukutegua. Na unapoendesha, ushike kama unavyoshika kifaranga, usimbane, usimwachie. Mikono yako yenyewe ni dampa.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa visiwani. Umeme ukikatika katikati ya mbio, uzime usukani kwenye swichi kabla haujarudi. Ukirudi, weka usukani katikati kwa mkono, ndipo uwashe, usubiri ujipime. Wangu mara moja ulijipima ukiwa umepinda, nikaanza kutafuta tatizo la dampa ambalo halikuwepo.