Kwa nini baba yako anasoma kwa sauti

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umeuliza hivi, baba mbona ukishika kitabu unasoma kwa sauti hata ukiwa peke yako barazani, na umewezaje kuvimaliza vitabu vyote vile wakati mimi tangu nitoke chuo sijamaliza hata kimoja. Nimeona nikujibu kwa kuandika maana kwenye simu tutakatizana.

Herufi nilifundishwa shule, ndio. Ila kupenda kitabu nilikuanzia kwenye pamba, usiku, na bibi yako.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alafu mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaweka lengo kwamba mpaka mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika. Lilikuwa jambo zito sana hilo, maana sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kama watu wazima 67 katika kila 100 hawajui. Na vitabu vya kisomo huku Kanda ya Ziwa vilitungwa kufuata kazi za watu, wavuvi na chao, wa migomba na chao, wafugaji na chao, na sisi Wasukuma wa pamba na chetu. Basi bibi yako akawa anaenda darasani jioni, chini ya mwembe wa shule ile ile niliyosoma mimi asubuhi, yeye na wenzake wengine wana watoto mgongoni, na kitabu chake cha kwanza maishani kikawa kinamfundisha kulima pamba, kazi ambayo ameifanya tangu yuko msichana. Alikuwa anabishana nacho! Anarudi nyumbani anaweka jembe chini ananiambia leo kitabu kimesema hivi na hivi, sasa mwaka ule mvua ilipochelewa hicho kitabu kilikuwa wapi. Mimi hapo ndo nilijifunza kwamba kitabu unaongea nacho, na mpaka leo sijapata mwalimu wa fasihi aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Tena kumbuka nyumbani tulikuwa tunaongea Kisukuma, Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani na cha kumjibu bwana shamba. Kwahiyo herufi na lugha alivipokea kwa pamoja.

Sasa pamba ikishachumwa lazima ichambuliwe, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, kabla ya kupeleka kwenye mzani. Kazi hiyo tulikuwa tunaifanya usiku. Lundo liko katikati ya nyumba, koroboi juu ya kigoda, mikono ya mayu yangu, ndio mama kwa Kisukuma, haina nafasi hata ya kujikuna, ndipo ananiambia wewe soma. Mara ya kwanza nikaanza kusoma kimoyomoyo, akaniuliza, "sasa mimi nitajuaje?" Nikapandisha sauti. Nikiruka neno gumu anasikia, anasema rudia. Nikisoma mbiombio ili nikalale anasema rudia. Tulimaliza kitabu chake cha kisomo tukahamia kwenye kabati la maktaba ya kijiji, lilikuwa kabati moja tu la mbao lenye kufuli, na humo nikakuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichotoka 1960, cha yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Maiti inakutwa mzimuni! Mwanangu, nakumbuka bibi yako aliacha kuchambua, tonge la pamba liko mkononi, anantazama mdomo. Siku nne nzima kila nikitoka shule ananitajia muuaji mwingine, na kisimani wenzake nao wakawa wanamuuliza jana mmefika wapi.

Agosti 1975 wakapewa mtihani nchi nzima, akafaulu, akapata cheti. Lakini mimi nakumbuka zaidi siku ilipokuja barua ya mjomba kutoka Mwanza mjini, siku zote nilikuwa namsomea mimi, siku hiyo akaichukua mkononi mwangu. Kidole kinatembea chini ya mstari, ukucha una udongo mweusi wa mbuga, na sauti inatoka silabi moja moja, ka-ka ya-ko ni mzi-ma. Aliisoma yote. Hakuna aliyemharakisha. Ndivyo nyumba yetu inavyosoma mwanangu, kwa sauti, na mimi nikikaa barazani peke yangu bado naisikia ile rudia yake, na kweli narudia.

Sio kila kitu lakini. Gazeti nasoma kwa macho nalikunja. Ila shairi siwezi kabisa, mstari una mizani kumi na sita, nane na nane, kina cha kati na cha mwisho, ukisoma kwa macho tu unakuwa umeangalia ngoma bila kuisikia mlio.

Kuhusu kumaliza, wala usijione una kasoro. Mimi mwenyewe vipo nilivyoviacha katikati na sijavirudia. Fungua vile vya kwenye shelfu langu uangalie ndani ya jalada la nyuma, nimeandika kwa penseli nani alinisikiliza na mwaka. Vingi vya kwanza ni mayu. Alafu mama yako, huyo kila jioni akichagua mchele au akimenya maharage mabichi mimi niko na kitabu pembeni yake, hivyo ndo tumevimaliza. Kile ulichoona tumekifunika mezani siku ya Pasaka tuko nacho tangu Januari kwa sababu yeye hataki nisome akiwa hayupo. Visivyo na jina nyuma, vingi sijavimaliza. Wewe unasoma kwenye daladala, umesimama, simu inatetema mfukoni, huna wa kumwambia leo nimefika wapi, hata mimi ningeacha.

Sasa tufanye hivi mama. Keshokutwa saa mbili na nusu usiku, ukishamlisha mjukuu wangu, nipigie, weka simu loudi spika, iweke kwenye meza pale unapokunjia nguo. Mimi ntasoma kurasa tano, sita sio zaidi, kesho yake unasoma wewe mimi nasikiliza, na nikisema rudia unarudia. Kitabu nishakichagua, nakala yako ntaiweka kwenye basi la Jumatano pamoja na ule unga wa muhogo. Penseli unayo?

Baba yako.